Mguu Wangu na Wale Wanafunzi wa Jumanne

Jumatatu, 13 Oktoba 1997

Andika, Mwalimu. Andika vile natoa kwa mdomo, usininyooshee maneno kama ya watoto wako wa darasa la tatu. Mimi ni Kalondu, mama ya Musyoka, wa Ekalakala. Hii hospitali iko hapa Machakos lakini jina yake usiandike, kwa sababu bado nalala kwa kitanda yao na kunywa uji yao.

Anayeandika ni Mwalimu Munyiva, wa kitanda cha karibu na dirisha. Alikuwa anapaka kanisa rangi, ngazi ikateleza, mfupa wa paja ukavunjika. Mguu wake umefungwa kamba, kamba imefungwa chuma nzito, chuma inaning'inia huko mwisho wa kitanda. Yeye hawezi kugeuka, mimi siwezi kutembea. Urafiki ni hivyo tu. Daftari ni yake, maneno ni yangu.

Nataka iandikwe kwa sababu Musyoka alinileta akarudi mbio kupanda, mawingu imeshafunga. Akikuja asomewe yote. Mimi nikifika nyumbani sitaki mtu aseme ati mama amezeeka, anachanganya.

Shida ni mguu wa kushoto. Mwiba wa mgunga. Kitu kidogo, nikautoa na sindano nikaenda kuchunga. Kumbe niko na sukari na sikujua. Kidonda kikakula karibu na kile kidole kidogo mpaka harufu ikaanza. Daktari wa kukata, yule hukuja Alhamisi, alinieleza vizuri: damu ikifika huko chini, kidonda kitapona polepole. Kama haifiki, watakata hapa, chini ya goti, kabla uozo haujapanda. Nikaelewa. Mimi niko na matuta kwa shamba, najua maji ikiziba juu, mahindi ya chini inakauka hata mvua ikinyesha.

Sasa kila Jumanne na Ijumaa wanafunzi wa udaktari wanakuja na mwalimu wao, wanatafuta kama damu inapiga juu ya mguu, wanaandika kwa karatasi inaning'inia hapo miguuni. Daktari wa kukata anasoma hiyo karatasi. Hiyo ndio kesi yangu yote.

Jumanne, 14 Oktoba

Wamekuja sita. Mwalimu wao ni Daktari Maundu. Huyo mtu ni mzuri. Kanzu nyeupe kama maziwa, kalamu nne mfukoni, ananiita mwaitu kama aliyezaliwa na mimi. Anacheka na kila kitanda.

Aliyepewa mguu wangu ni msichana, Mueni. Mrefu, saa kubwa ya mwanaume kwa mkono. Ati "Sasa, Susu." Susu kwetu ni nyanya, na nyanya nani anamsalimia "sasa"? Baba yake anafanya kazi Mlolongo, pale malori inapimwa uzito, huko ndiko amekulia, na heshima huko nafikiri inapimwa na ile mizani. Akakamata mguu, akabonyeza juu, akabonyeza kabisa, akaniuliza, "Susu, naumiza?"

Nikasema, "Hapana mwanangu, unafanya vizuri."

Akaandika kitu. Daktari Maundu akaangalia karatasi, hakuangalia mguu, akaweka sahihi. "Vizuri sana. Endelea."

Ijumaa, 17 Oktoba

Mvua imeanza. Wakaja, wakabonyeza, wakaenda. Vizuri sana, endelea.

Jumapili, 19 Oktoba

Mwalimu amepata wageni na ndizi. Mimi sikupata. Nimeanza kusokota nyuzi za mkonge ambazo nilibeba kwa mfuko, nyeupe nyingi na nyeusi kidogo. Ile nyeusi niliichemsha mwenyewe na majani, usiniulize majani gani, hiyo hata mke wa mwanangu sijamwambia. Mtu wa kwetu akikaa bila kusuka mikono inaanza kutafuta makosa ya wengine.

Jumanne, 21 Oktoba

Nimemwomba Mwalimu Munyiva anisomee hiyo karatasi yangu. Kuishika ilikuwa kazi. Mama wa kufagia alitupatia kwa siri, sista wa zamu akiwa kwa simu.

Mwalimu akasoma kimoyomoyo. Nikamwambia, soma na sauti. Akasema, "Imeandikwa siku tatu, kuhusu ile damu ya juu ya mguu. Tarehe kumi na nne, hakuna. Kumi na saba, hakuna. Leo, hakuna. Chini, Mueni. Chini tena, sahihi ya Maundu."

Hakuna. Mguu ni wangu, mimi naisikia ikipiga wakati nimetulia, kama kifaranga ndani ya yai siku ya mwisho. Sasa hakuna ni ya nani?

Ijumaa, 24 Oktoba

Leo nilimwangalia huyo msichana mikono. Anatumia kidole gumba. Anakandamiza mpaka kucha inakuwa nyeupe. Ukikanyaga mfereji utaona maji? Hata kuku anajua hiyo.

Nikatazama Daktari Maundu, nikangoja amwambie. Alikuwa anaeleza wanafunzi habari ya mgonjwa mmoja wa zamani, huko Nairobi, yeye akiwa bado kijana, vile aliwashinda wazungu wawili kujua ugonjwa. Hadithi nzuri. Wanafunzi wakacheka. Ikaisha. "Mueni, umemaliza? Vizuri sana."

Msichana akaniuliza tena, "Naumiza, Susu?"

"Hapana, mwanangu."

Jumatano, 29 Oktoba

Mvua mchana wote. Redio ya sista inasema hii mvua iko na jina, inaitwa Elnino. Sisi kwetu mvua ilikuwa mvua. Mto umebeba barabara ya kwetu, Musyoka hawezi kupita. Nthenya, dada ya marehemu mzee wangu, ndiye anapanda shamba yangu sasa, na Nthenya mistari yake huenda kama mlevi anatoka sokoni.

Lakini kuna jambo. Jana kijana mmoja alikuja na raundi, si mwanafunzi, amevaa tai. Jina Festus. Amesimama nyuma na ubao mdogo, anaandika. Wakiondoka akabaki, akavuta stuli.

"Habari yako, mama. Mimi nafanya utafiti."

"Wa ugonjwa gani?"

"Si ugonjwa. Mwanafunzi akishamhudumia mgonjwa, mwalimu wake anapaswa kumwambia: hapa umefanya sawa, hapa umekosea, rekebisha hivi. Wakubwa wanataka kujua kama wanaambiwa vizuri. Hiyo ndio napima."

Mwalimu, nilifurahi kama mtu ameona mgeni wa kwao. Nikasema moyoni, Ngai, Mungu wetu, hajalala. Nikamuuliza, "Na unapima na nini?"

Akanionyesha fomu. Mwalimu wa wanafunzi akisema kitu, anaweka alama. Akisema kitu kirefu, alama kubwa. Akitaja mwanafunzi kwa jina, alama. Akisifu, alama. Mwisho anajumlisha, moja mpaka tano.

"Na leo Daktari Maundu amepata ngapi?"

Akafikiri kama aniambie. "Si mbaya. Nne na nusu."

"Kwa ile hadithi ya Nairobi, ile amerudia leo?"

"Alifundisha kwa mfano," akasema. Halafu akatoa fomu ingine. "Na wagonjwa pia tunawauliza. Huyu mwanafunzi wako, Mueni, anakuhudumia aje? Mbaya, wastani, mzuri, mzuri sana?"

Mwalimu ananiangalia. Ni sawa, andika, nisipojisema mimi atanisema nani. Nilisema, "Mzuri." Kwanza nilisema mzuri, halafu nikaona ni kama namnyima, nikasema mzuri sana. Yeye ni mtoto wa mtu. Na yeye ndiye anashika mguu wangu. Mtu anayekata nyama yako huwezi kumwambia kisu chake ni butu. Festus akaenda kitanda hadi kitanda. Wodi yote, mzuri, mzuri, mzuri sana. Hata yule mama wa pembeni ambaye walimtoboa mkono mara nne wakitafuta mshipa.

Alhamisi, 30 Oktoba

Daktari wa kukata amepita. Mkono haujatoka mfukoni. Amesoma karatasi. "Bado hakuna. Tutangoja kidogo, uvimbe upungue."

Nikasema, "Daktari, inapiga. Mimi naisikia."

Akasema kwa upole sana, "Mama, mtu husikia vitu vingi akitaka."

Ijumaa, 31 Oktoba

Nimeamua kupima na mimi.

Fomu sina lakini niko na mkonge. Sheria yangu ni hii, na Mwalimu ni shahidi. Kila siku ya raundi nitasuka mstari mmoja wa kiondo, kikapu chetu cha mkonge, siku zingine nasokota tu. Mwanafunzi akifanya vile alifanya raundi iliyopita, mstari ni mweupe, hata kama mwalimu wake amehubiri kama askofu. Mwanafunzi akirudi amebadilisha mkono kwa sababu aliambiwa, mstari ni mweusi. Maneno sipimi. Napima yule amerudi.

Mwalimu Munyiva amesema hiyo ni kali. Yeye darasani akisahihisha kitabu anaandika "jitahidi" kwa kila mtoto. Nikamuuliza kama kuna mtoto aliwahi kujua ajitahidi wapi. Alisema nyuzi zangu zinamwaga vumbi kwa maji yake ya kunywa.

Mstari wa leo ni mweupe.

Jumanne, 4 Novemba

Nyeupe.

Ijumaa, 7 Novemba

Nyeupe. Festus ameweka alama nyingi. Daktari Maundu amejua anapimwa, sasa anasema jina la kila mwanafunzi. "Mueni, vizuri sana, Mueni." Hata jina la mbuzi ukiliita sana anakuja kuona kama kuna chumvi. Hakuna chumvi.

Jumanne, 11 Novemba

Nyeupe. Paa inavuja juu ya kitanda cha kona, wameweka karai. Nguo hazikauki. Uvimbe umepungua kweli, mguu umeanza kuonyesha mifupa yake. Nikaguswa tena na gumba. Hakuna.

Ijumaa, 14 Novemba

Nyeupe. Nimechoka na rangi nyeupe.

Leo nilijaribu. Raundi ikiwa imesimama hapa nikamwambia Daktari Maundu, "Daktari, huyu mtoto anakandamiza sana." Wote wakaniangalia kama kitanda ndicho kimeongea. Daktari akacheka, akanipiga bega, "Mwaitu, unataka kuninyang'anya kazi?" Wanafunzi wakacheka kwa sababu yeye amecheka. Msichana alikuwa mwekundu masikio. Hakucheka. Hakuniuliza kama ananiumiza.

Festus aliandika kitu. Nilimuuliza baadaye, nimepata alama ngapi? Akasema fomu haina mahali pa mgonjwa kuongea wakati wa raundi.

Alhamisi, 20 Novemba

Mwalimu, andika polepole, leo ni ndefu na sitaki kurudia.

Daktari wa kukata amekuja na sista na karatasi ingine, ya samawati. Amesema wiki tano karatasi inasema hakuna damu. Uvimbe umetoka na bado hakuna. Hangoji tena. Jumatano ijayo, tarehe ishirini na sita, watanipeleka chumba cha kupasuliwa, wakate hapa. Akapima na mkono wake, kwa hewa, bila kunigusa. Sista akafungua kile kibati cha wino. Ati niweke kidole, kukubali.

Nikasema, nangoja mwanangu.

"Barabara ya kwenu imefungwa, mama. Uozo haungoji barabara."

Nikasema, nangoja. Nikakalia mikono yangu yote miwili. Walisimama hapo, sista anasema susu toa mkono, mimi nimekalia. Mama wa miaka sabini na kitu amekalia mikono kama mtoto ameiba sukari. Wakaacha karatasi kwa meza. Wamenipatia mpaka Jumatatu, ama Jumanne asubuhi.

Nakuambia kitu, Mwalimu, na uandike. Mimi siogopi kukatwa. Mzee wangu alizikwa bila mkono mmoja, mashine ya mkonge iliuchukua akiwa kijana, na alinilimia na kunichapa na huo mmoja ulibaki. Kama damu haifiki, kata. Lakini mguu ulio hai, ukatwe kwa sababu msichana hakuambiwa atoe gumba? Na mwalimu wake anasema vizuri sana? Na mwenye kupima anaandika nne na nusu? Watu wote hawa wamesoma. Nani kati yao ni mbaya? Nimewapanga usiku na mchana nikitafuta mbaya. Maundu hajawahi kunitukana. Festus ananunulia Mwalimu kalamu. Msichana anakuja mapema kuliko wote. Hakuna mbaya, na mguu unaenda.

Jumamosi, 22 Novemba

Leo ilikuwa zamu ya Mueni kufunga vidonda, peke yake, hakuna mwalimu. Mvua ilikuwa inapiga mabati mpaka unaongea kwa nguvu. Akafungua bandeji, akasafisha. Hiyo anafanya vizuri, nasema kweli sasa, sio ile yangu ya kwanza. Akaona karatasi ya samawati kwa meza.

"Susu, hujaweka kidole."

"Sijaweka."

"Watakasirika."

"Wakasirike. Kaa hapa. Toa hiyo saa. Leta mkono."

Nikampatia nyuzi mbili za mkonge. Nikamwonyesha: unaweka kwa paja, unapitisha kiganja, zinajifunga zenyewe kuwa moja. Mtoto wa Mukamba na hajawahi kusokota. Huko Mlolongo wanasokota nini, matairi? Akaweka kiganja, akakandamiza kama anakanda unga. Nyuzi zikalala hapo, hazikugeuka.

"Haigeuki, Susu."

"Kwa nini?"

"Sijui."

"Umeifinya. Haiwezi kupumua. Punguza."

Akapunguza. Bado. "Punguza tena. Iguse kama haujui kama ni yako." Mara ya sita, ya saba, uzi ukageuka chini ya mkono wake, ukajisokota. Akatabasamu. Mwalimu Munyiva ni shahidi, kumbe huyo msichana yuko na mwanya wa meno mzuri sana, tangu Oktoba hatujauona.

Nikasema, "Huo mkono usiubadilishe. Sasa weka hapa. Acha gumba. Vidole viwili."

Nikaupeleka mimi mwenyewe, hapo juu ya mguu, kwa ile bonde kati ya mfupa wa kidole kikubwa na mwingine. Akafunga macho. Mvua ilinyesha. Mama wa kona alikohoa. Akafungua macho.

Akatoa vidole, akaweka tena. Akaenda mguu wa kulia, akarudi wa kushoto. Akavaa saa, akaangalia mshale, midomo inahesabu. Alirudia mara kumi na moja, Mwalimu alihesabu.

"Iko," akasema.

"Najua."

"Susu, ni mimi niliandika hakuna."

"Najua pia. Mwalimu alinisomea."

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa kumi."

Akanitazama, na hapo ndipo hiyo heshima ya Mlolongo ilitoka yote. "Kwa nini hukuniambia? Nilikuuliza kila siku. Kila siku nilikuuliza, Susu, naumiza? Ukasema nafanya vizuri. Daktari akasema vizuri. Yule wa fomu akaniambia wagonjwa wanasema mimi ni mzuri sana. Mimi ningejulia wapi?"

Mwalimu, hii pia iandike. Nilikuwa nimetafuta mbaya kitanda hadi kitanda, na ile "vizuri" ya Maundu na yangu ni nyuzi za mkonge mmoja. Yeye alisema ili aende kitanda kingine. Mimi nilisema ili nisimkasirishe anayenishika. Wote tulimwacha huyo mtoto na gumba lake.

Nikamwambia, "Nilikosea. Ulikuwa unaumiza."

Akakaa. Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Nikibadilisha karatasi, ni kusema sahihi ya Daktari Maundu ni ya uongo. Yeye ndiye anajaza kitabu changu cha mwisho wa muhula."

"Najua."

"Anaweza kunirudisha mwaka mzima."

"Anaweza. Mguu unarudishwa na nani?"

Alifunga bandeji, akaosha mikono, akaenda. Karatasi hakuiandika. Nimeona na macho yangu, hakuiandika.

Jumatatu, 24 Novemba

Sista amekuja na wino mara mbili. Nimekalia mikono. Mueni hajaonekana. Musyoka hajaonekana. Mwalimu amesema niombe. Nimeomba, halafu nikasokota nyuzi nyingi kuliko nahitaji.

Jumanne, 25 Novemba

Walikuja sita, Daktari Maundu mbele, Festus na ubao nyuma. Maundu akasema, "Mwaitu, kesho ndio kesho, usiogope." Akamwambia Mueni aendelee.

Msichana hakushika mguu. Alisimama wima kama anayeimba wimbo wa taifa. Akasema, "Daktari, iko. Mpigo uko. Nilikuwa natumia gumba na kukandamiza. Zile zote nimeandika tangu Oktoba ni makosa yangu."

Hata karai ya kona ilisikika.

"Hiyo karatasi niliikagua mimi," Maundu akasema. Bado anatabasamu lakini tabasamu imebaki peke yake usoni.

"Uliweka sahihi, Daktari."

"Unasema niliweka sahihi bila kuangalia?"

Mwalimu Munyiva hapa alishika daftari yake kifuani. Mueni akajibu, "Nasema hukuniambia. Kama ungeniambia siku ya kwanza, ningejua siku ya pili."

Mwanafunzi mmoja nyuma akasema "eish" kwa chini. Nikafikiri, sasa anapigwa huyu. Kwa mdomo, namaanisha. Nikasema na mimi, "Daktari, na mimi sikumwambia. Shika tu mguu. Si uko hapo mbele yako."

Akanitazama. Akatazama Festus na ubao wake. Akainama. Na Mwalimu, uliona, alianza na gumba. Mtu wa kalamu nne. Mueni akasema, polepole sana, na heshima yote, "Vidole viwili, Daktari. Bila kukandamiza." Masikio yake yeye Maundu sasa ndiyo yakawa mekundu. Akaweka vidole viwili. Akakaa hapo muda mrefu kuliko amewahi kukaa kwa kitanda changu.

Akasimama, akatoa kalamu, akakata ile "hakuna" ya mwisho na mstari, akaandika juu yake.

"Vizuri sana," akasema. "Endelea."

Akaenda kitanda kingine. Hakusema ingine. Siku hiyo hakupiga hadithi.

Adhuhuri daktari wa kukata akaitwa, akaja bila kungoja Alhamisi, akatoa mkono mfukoni. Akanigusa mwenyewe. Karatasi ya samawati akaikunja akaenda nayo. Kidole kidogo kitatoka, hicho kimeoza, nimekubali na nimeweka wino bila vita. Mguu unabaki.

Nimesuka mstari mweusi. Umeenda upande kidogo kama mistari ya Nthenya, lakini ni mweusi.

Alhamisi, 27 Novemba

Wametoa kidole. Sina maneno leo.

Jumatano, 3 Desemba

Maneno yamerudi. Festus amemaliza kazi, amekuja kuaga. Nikamuuliza, ile Jumanne, Daktari Maundu alipata ngapi?

Alifungua karatasi. Moja. Ndiyo siku ya chini kabisa ya muhula wote. Hakutaja jina la mtu, hakufundisha kwa mfano, alisema maneno matatu.

"Na huyo msichana kumwambia mwalimu wake atoe gumba?"

"Haiko kwa fomu, mama. Fomu ni ya mwalimu kwenda kwa mwanafunzi."

"Na muhula wote?"

"Amekuwa wa kwanza kwa walimu wote. Nne nukta mbili."

Nikamwambia basi nipe ile karatasi yangu ya mzuri sana niibadilishe. Niandike aliniumiza wiki tano, akajifunza, sasa ni mzuri. Akasema zilishaenda Nairobi. Nikamwonyesha kiondo. Akakigeuzageuza, akasema ni kazi nzuri, akauliza kama nauza. Nilimweleza sheria yangu yote, mstari kwa mstari. Alisikiliza, huyo kijana hana dharau. Aliandika hata, nyuma ya fomu. Halafu akasema shida ni kwamba hiyo inachukua muda mrefu sana.

Ndio. Inachukua.

Jumanne, 9 Desemba

Musyoka amefika, matope mpaka magotini. Nthenya amepanda shamba yote, mistari imepinda, na mahindi imeota imepinda. Inaota lakini. Kesho kutwa naenda nyumbani.

Mueni bado hajui kama kitabu chake kitajazwa. Maundu hamkaripii, hamsifu, anampita tu. Leo Mueni amekuja na mwanafunzi mgeni, wa mwaka wa kwanza, kijana mnene anatoa jasho. Mueni akamwambia ashike mguu wangu. Akashika. Gumba. Nikamtazama Mueni, Mueni akanitazama, akanyamaza makusudi.

Kijana akainua macho, na adabu zake zote. "Susu, naumiza?"

Nilifungua mdomo, na "hapana mwanangu" ilikuwa imeshafika kwa meno.

"Ndio," nikasema. "Unaumiza, na sio hapo. Toa gumba, anza tena."

Aliondoka hajui kama ameshukuru ama ameudhika. Mstari wa leo siwezi kuusuka, yeye atarudi Ijumaa na mimi Ijumaa nitakuwa Ekalakala. Kwa hivyo kiondo nimekiacha kwa kitanda cha Mwalimu Munyiva, na nyuzi mbili, nyeupe na nyeusi. Yeye wamemwambia akae mpaka Krismasi. Kusuka hajui, lakini Ijumaa ataangalia mkono wa huyo kijana, achague uzi, na fundo moja mtu yeyote anaweza kufunga.